Fungu la Agatha

Wapare tunasingiziwa mengi, ubahili na kupenda kesi vikitangulia, lakini kikao kilichokaa Mbaga baada ya matanga ya mzee Melkizedeki kilituongezea jipya. Kiligawa sauti ya mtu aliye hai kana kwamba ni mbuzi.

Agatha, mtoto wa kati wa marehemu, hakuwepo. Alikuwa amempeleka mama yao, Irine, kliniki Moshi, maana kiharusi kilikuwa kimemchukulia mama upande mmoja wa mwili na ulimi wote. Waliporudi, alimketisha mama kwenye kiti chake barazani, akaingia sebuleni kuwasha seva, kasha la kompyuta lililohifadhi rekodi za nyumbani, ili mama asikilize nyimbo zake za alasiri kama kawaida. Kasha lilikuwa palepale juu ya kabati. Ndani yake hamkuwa na kitu. Diski zote tatu zilikuwa zimeng'olewa, yamebaki matundu matatu na vumbi.

Seva ile aliinunua Agatha mwenyewe, mwenye studio ya picha Same mjini, akamfundisha baba yake kuitumia. Kwa miaka mingi mzee alikuwa amemrekodi mkewe: akiimba, akisimulia hadithi kwa Chasu, lugha yetu, akiwagombeza kuku. Kiharusi kilipomnyamazisha mama, kasha likawa ndio mdomo wake. Kila alasiri mzee aliliwasha, mama akajisikiliza, na mkono wake mmoja mzima ukapiga mdundo pajani. Mzee alipofariki, kazi hiyo ikawa ya Agatha.

Alimpigia simu kaka yao mkubwa, Paschal, ambaye popote penye kikao hukosi kumkuta kwenye kiti cha mbele.

"Tuligawa kwa haki," Paschal alisema kwa sauti yake ya mwenyekiti. "Diski tatu, watoto watatu. Fungu lako liko kwenye droo, nimekuwekea ndani ya bahasha."

"Kaka, nani aliwaambia vile vitu vinagawanyika?"

"Zilikuwa tatu, Agatha. Na sisi tuko watatu. Ulitaka tugombane?"

Agatha alikata simu, kwa sababu maneno yaliyomjia mdomoni hayasemwi kwa kaka mkubwa. Barazani, mama alikuwa amegeuza uso kutazama mlangoni, akingoja. Alingoja mpaka uji ukapoa kikombeni. Kesho yake hakuugusa, na kesho kutwa vilevile.

Jumamosi Agatha aliwaita wote nyumbani, kila mtu na diski yake.

Wa kwanza kufika alikuwa Elinaza, kitindamimba, mkulima wa mpunga kule Kihurio. Alishuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia kifurushi cha kitenge.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Iko salama?"

"Salama kabisa. Niliichimbia katikati ya gunia la mchele. Si mchele unanyonya unyevu? Simu yangu ilipodumbukia mferejini ilipona hivyohivyo."

Agatha alimtazama. "Na hilo gunia lilikuwa wapi?"

Elinaza akaanza kukagua vidole vyake vya miguu. "Stoo. Ila vijana wa kupakia walilichanganya na mengine, wakalirusha kwenye Fuso. Nikakimbia, nikawaambia walishushe."

"Wakalishusha?"

"Wakalirusha chini, dada."

Angekuwa mtu mwingine, Agatha angemtukana. Lakini utamtukanaje mtu aliyeharibu kwa kutunza? Alipokea kifurushi, akapuliza pumba na vumbi la mchele, akauma meno.

Paschal aliingia mchana, kavaa kaunda suti, diski imo mfuko wa koti pamoja na miwani. Aliiweka mezani kama mtu anayelipa deni lisilo lake.

"Hii yangu ilikuwa na matatizo," alisema. "Niliichomeka kwenye laptopu ikaandika haisomeki. Ikaniuliza kama niifomati. Nikaifomati. Sasa inafanya kazi vizuri sana, nimeshaijaza mechi na video za harusi ya Dorkas."

Dorkas ni binti yake. Alikuwa ameolewa mwezi uliotangulia, kwa sherehe iliyopigwa picha na kamera nne.

Damu ilimpanda Agatha mpaka masikioni. Alivuta kiti, akaketi, maana alijijua.

"Kaka, ndiva ya hapo juu ni ya nani?"

Ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, na hakuna Mpare asiyejua jibu la swali hilo. "Ya wote," Paschal alisema.

"Tunagawanaje maji yake?"

"Kwa zamu."

"Umewahi kuona watu wanabomoa ukuta wa ndiva, kila mmoja anabeba mawe yake anaenda nayo nyumbani, halafu analalamika kwamba jiwe lake halitoi maji?"

"Usinifokee mbele ya mama."

"Mbele ya mama ndipo pa kufokea. Ulichofuta ni cha mama."

Mlango wa barazani ulikuwa wazi, na mama aliwatazama wote wawili bila kupepesa. Agatha alishusha sauti, akaeleza kama anavyoelezwa mtoto. Kila wimbo katika seva ile ulikuwa umekatwa vipande vikasambazwa kwenye diski zote tatu. Diski moja peke yake ni takataka, ndiyo maana laptopu haikuielewa. Mbili zikiwa nzima, seva inaweza kukisia sawasawa kilichokuwa kwenye ya tatu. Kwa hiyo uzembe wa Paschal peke yake ungesameheka. Tatizo ni kwamba ya pili ilikuwa imerushwa kwenye Fuso.

"Basi bonyeza hapo irekebishe," Paschal alisema.

"Nikibonyeza, itaisugua hii ya Elinaza bila kupumzika. Ni mgonjwa, kaka. Ikifia njiani, hatuna kitu tena. Kwanza naihamishia kwenye diski mpya, polepole, sehemu nzima kwanza, majeraha baadaye."

Umeme wa Mbaga hukatika ukijisikia, kwa hiyo alifunga kila kitu kwenye betri ya sola, akaanza kunakili. Diski ya Elinaza ilitoa mlio mdogo wa kukwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Mstari kwenye kioo cha laptopu ulisogea, ukasimama, ukasogea. Agatha alitoka kidogo kumgeuza mama upande. Aliporudi alimkuta kaka yake ameinama juu ya meza, kidole kiko kwenye laptopu.

"Ilikuwa imesimama," Paschal alisema. "Nilitaka kuizima niiwashe upya."

Agatha alimshika kifundo cha mkono, yeye mdogo, na hakukiachia haraka. "Umekigawa, ukakifuta, sasa unataka kukizika. Katika nyumba hii leo, kazi yako ni kukaa. Kaa."

Elinaza alijifanya anatafuta chumvi. Paschal alifungua mdomo, akautazama mkono wake, akakaa. Sijui kama aliwahi kuambiwa neno hilo na mtu yeyote tangu abarikiwe kipaimara.

Walikula makande, Agatha akiwa kando ya laptopu. Kazi ile ilikula mchana wote, ikaendelea walipolala, na Jumapili waliporudi kutoka ibadani ndipo kunakili kukaisha. Karibu kila kitu kilikuwa kimepona. Palibaki madoa machache ambayo yalikataa katakata kusomeka. Agatha alichomeka diski yake na ile mpya, akawasha. Taa zilipepesa, seva ikanung'unika, kisha mafaili ya mzee yakajipanga kwenye kioo, kila moja kwa jina alilolipa mwenyewe.

Alibeba spika mpaka barazani, akachagua wimbo ambao mama aliupenda kuliko zote: wimbo wa kubembelezea watoto, aliowatungia wanawe, kila mmoja na ubeti wake, jina lake likiitwa ndani.

Sauti ya mama ilitoka nzima, ya mwanamke mwenye nguvu zake. Ilimwimba Paschal, mzaliwa wa kwanza, tangu mwanzo wa ubeti mpaka mwisho. Mkono wa mama ukaanza kupiga mdundo pajani. Kisha spika ikakwaruza, ikanyamaza. Kimya kilikaa muda wa ubeti mzima. Sauti iliporudi, ilikuwa inamwita Elinaza.

Wimbo uliisha.

"Ni kidogo tu kilichoruka," Paschal alisema. "Mengine yote yapo."

Agatha aligeuka polepole. "Unajua yale madoa yalikuwa yazibwe na nini? Na diski yako. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mahali nilipokuwa mimi, umeweka mpira."

Agatha alirudisha wimbo mwanzo, akauchezesha tena, na kimya kilipofika wote wakasikia kitu ambacho mara ya kwanza kiliwapita: mkono wa mama haukusimama. Uliendelea kupiga, mdundo kwa mdundo, ukiupitia ubeti ambao haukuwepo, macho yake yakiwa kwa Agatha.

"Imba," Agatha alimwambia kaka yake.

"Mimi?"

"Mama akiwa kwenye shamba la tangawizi, nani alinibeba mgongoni? Ulinibembeleza kwa ubeti huo mpaka majirani wakachoka. Uimbe."

"Si unaujua mwenyewe."

"Mtu hajibembelezi mwenyewe, kaka."

Paschal alimtazama Elinaza kutafuta msaada, Elinaza akatazama mlima. Alimtazama mama, na mama alikuwa ameinua mkono, anangoja aanze. Basi yule mwenyekiti wa vikao akakohoa, akavua miwani, akaimba. Sauti ilikuwa mbaya. Alipofika kati alikosea neno, mama akapiga mkono wa kiti kofi kali, naye akaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Mara ya tatu alifika kwenye jina la Agatha, na hapo sauti ikamkatika, akaliita hivyohivyo, limekatika.

Agatha hakumsamehe. Alichukua simu yake, akaisogeza karibu na mdomo wa kaka yake.

"Rudia mara ya mwisho," alisema, akabonyeza kurekodi.