Kurasa za Mkono wa Kulia

Mwaka ule sabuni ilipoanza kuonekana tena madukani Musoma, ndipo na nchi ya Australia ilipohamia nyumbani kwa Gati, karibu na Butiama.

Ilikuja ndani ya katoni. Mama mmoja wa Kiaustralia, aliyewahi kuchimba visima upande wa Bunda, aliporudi kwao alikusanya vitabu vipya ishirini vya waandishi wa nchi yake akavituma maktaba ya Musoma. Felisiani, mtunza maktaba, alikuwa hajapokea kitabu kipya kwa miaka saba. Alivipanga dirishani kimoja kimoja, akivifuta vumbi ambalo bado halijavipata. Kulikuwa na cha upelelezi, cha mashairi, cha mapishi ya nyama ya kondoo, na cha watoto chenye mnyama anayebeba mwanawe mfukoni tumboni. Kulikuwa pia na cha wachimba dhahabu wa zamani, ambacho vijana wa Buhemba walikiazima wakakaa nacho miezi minne, wakidhani humo wataonyeshwa pa kuchimba. Na kulikuwa na riwaya nene yenye jalada jekundu kama udongo wa kichuguu. Hiyo ndiyo Marcelina aliyoiazima.

Marcelina alikuwa mke wa Gati. Msomaji asishtuke, watu wa Mara hawashtuki. Mume wa Gati alifariki bila kumwachia mtoto, na nyumba isiyo na mtoto ni moto uliosahauliwa jikoni. Basi Gati akafanya kama wanawake wa kwao walivyofanya tangu zamani: akatoa ng'ombe kumi na wawili, akaoa mke, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Mtoto alikwishapatikana, Dorotea, mwenye miaka mitatu na mdomo wa watu kumi.

Gati alikuwa na hofu moja tu duniani, na hofu hiyo ilikuwa ya kuachwa. Marcelina alifika kidato cha pili kabla masomo hayajamshinda kwa karo, na mtu aliyeonja shule, Gati alijua, hutazama sana barabara. Alimwona akiitazama. Hakumwuliza kitu, kwa sababu aliliogopa jibu.

Mafuta ya taa yalikuwa adimu, kwa hiyo kitabu kilisomwa mchana, watu wakishatoka shambani, kwenye kivuli cha ghala la mtama. Marcelina alisoma kimoyomoyo sentensi mbili tatu, kisha akazisema kwa lugha ya nyumbani. Gati alifumba macho. Australia ikaja polepole, ikajaa uani. Nchi tambarare, nyekundu, na kondoo wengi hata mtu hawezi kuwajua kwa majina. Mvua ilikuwa imegoma. Krismasi ilikuwa ya jua kali, na hilo Gati alilipenda mno, maana picha zote alizowahi kuonyeshwa kanisani zilikuwa za Krismasi ya barafu. Kumbe kuna Wazungu wanaotoka jasho siku ya Noeli kama watu!

Katikati ya nchi hiyo aliishi mama mmoja mzee, Hilda, mwenye kondoo wote hao na asiye na mtoto. Akaja msichana, Joyi, akakaa naye.

"Amemwoa," Gati akasema siku ya kwanza tu.

"Hapana, mama. Ni mfanyakazi wake."

"Mfanyakazi gani anapewaga funguo za stoo? Huyo ni mke. Ametoa ng'ombe wangapi?"

"Kule hawatoagi ng'ombe, mama."

"Basi ametoa kondoo. Endelea."

Marcelina alicheka hadi machozi, akaacha kubisha. Kuanzia hapo Gati aliijua Australia kuliko aliyeiandika. Akipalilia mihogo alisikia kondoo wakilia ng'ambo ya kilima. Akienda kisimani aliona vumbi jekundu likimtangulia, na ndani ya vumbi mwanamke mzee wa Kizungu, kofia kichwani, akitembea mwendo wake yeye Gati, goti la kushoto likimsumbua. Walisalimiana. Hilda naye alikuwa na mtu anayetazama barabara.

Alipokuwa akisikiliza, Gati alifumbua macho mara mojamoja akaitazama mikono ya Marcelina. Hakujua herufi hata moja, lakini alijua kupima. Kurasa zilizosomwa zilikaa mkono wa kushoto, zisizosomwa mkono wa kulia. Kila siku mkono wa kushoto ulinenepa, wa kulia ukakonda. Hivyo ndivyo alivyohesabu siku zilizobaki za kukaa na Hilda.

Siku moja, mapema kuliko alivyotarajia, mvua ikanyesha kitabuni. Kondoo wakanywa. Joyi akamwambia Hilda kwamba hatakwenda popote, atakaa naye mpaka uzee.

"Mwisho," Marcelina akasema, akakifunga upesi.

Gati aliona. Mkono wa kulia ulikuwa bado na kurasa, unene wa kidole kizima.

Alichukua ungo akaenda kupepeta mtama uliokwisha kupepetwa. Moyo ulimwuma kwa namna mbili: aliumia kwa kudanganywa, na aliumia kwa sababu uongo wenyewe ulikuwa mtamu, naye alitamani uwe kweli.

Siku ya pili yake aliondoka alfajiri, akaacha neno kwamba anafuata dagaa soko la Mwigobero, Musoma. Kitabu alikifunga ndani ya kitenge, akakitia kikapuni, akajitwika. Dagaa alinunua kweli, maana Gati hapendi safari ya uongo. Kisha akapanda kwenda maktaba.

"Shikamoo, mama," Felisiani akasema, akikwepesha pua na harufu ya kikapu.

"Marahaba, mwanangu. Nisomee hapa. Kuanzia mvua iliponyesha."

Felisiani hakuwa na msomaji mwingine asubuhi hiyo. Akapatafuta, akaanza kusoma na kutafsiri. Mvua ilinyesha, ndiyo, kondoo wakanywa. Lakini Joyi hakusema atakaa. Joyi alisema amepata nafasi ya kujifunza uuguzi mjini, pwani. Hilda hakumjibu. Asubuhi ya kuondoka, Joyi alibeba sanduku lake peke yake mpaka getini. Aligeuka mara moja, akaona pazia la dirisha likitikisika, akaenda zake.

"Hakumsindikiza?" Gati akauliza.

"Hakumsindikiza, mama. Alisimama nyuma ya pazia."

"Hata mpaka getini?"

"Hata mlangoni."

Gati akasonya, na msonyo huo ulitoka mbali. Mgeni aliyekuja kuomba moto tu husindikizwa mpaka mwisho wa shamba! Mke aliyekaa nyumbani kwako, umwache abebe mzigo wake mwenyewe? Alimwona Hilda waziwazi, nyuma ya pazia lake, na kondoo wake wote nje, na kwa mara ya kwanza hakutaka kumsalimia. Mwanamke mpumbavu, alifikiri, kisha akahisi machozi, kwa kuwa alilijua lile pazia. Kutouliza kwake kote kule kulikuwa pazia.

Felisiani akafunua ukurasa wa mwisho. Karatasi mbili zilizokunjwa zikaanguka mezani.

"Hii ni barua, mama. Ni ya Marcelina. Mimi siwezi kusoma barua ya mtu..."

"Ni ya mke wangu. Soma."

Akasoma. Marcelina alikuwa amechaguliwa kwenda Bunda, miezi kumi na minane, mafunzo ya kuhudumia afya ya mama na mtoto. Anatakiwa kufika Jumatatu ijayo na ndoo, shuka mbili na sabuni. Barua ilikuwa na miezi miwili. Aliificha mahali salama kuliko pote katika nyumba ya mtu asiyesoma, naye angeiacha humo mpaka Jumatatu ipite.

"Na karatasi hii ya pili?"

"Fomu, mama. Kama ni mwanamke aliyeolewa, mume aandike kwamba ameridhia. Haijajazwa."

Nje, mtaa wa Musoma uliendelea na mambo yake. Angeweza kuirudisha karatasi ile kitabuni na kumwachia Felisiani kitabu. Jumatatu ingepita kama Jumatatu nyingine, na Marcelina angebaki, akitazama barabara.

"Kidau cha wino unacho?" akauliza.

"Ninacho. Lakini wanataka mume, mama."

"Ng'ombe kumi na wawili walitoka zizi la nani?"

Felisiani akasogeza wino. Aliandika jina alilotajiwa, na Gati akabonyeza kidole gumba juu ya mstari, akakishikilia hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Alifika nyumbani jua likielekea kuzama, ndoo mpya kichwani, ndani yake shuka mbili na miche ya sabuni. Marcelina alikuwa amepekua nyumba nzima. Godoro lilikuwa uani, vyungu vimehamishwa.

"Mama, kile kitabu..."

"Nimekimaliza," Gati akasema, akaitua ndoo miguuni pake.

Marcelina akaiona fomu juu ya sabuni. Akakaa chini palepale, akalia kwa sauti kama mtoto. Dorotea naye akalia, ili asipitwe.

"Niliogopa utafikiri nakukimbia, mama."

"Nilifikiri hivyo. Na mimi niliogopaga. Sasa inuka, godoro litaliwa na mbuzi."

Jumatatu Gati alijitwisha ndoo, akamfunga Dorotea mgongoni, akaongoza njia. Walifika kijitoni ambapo wageni huachwa. Marcelina akasimama kuaga. Gati akavuka. Walifika barabarani, lori la pamba likasimama. Marcelina akanyoosha mikono apokee ndoo yake. Gati akapanda nayo.

"Mama, unaenda wapi?"

"Nasindikiza."

Nchi ilipita, tambarare, na walipokaribia Bunda udongo ukawa mwekundu kidogo, au labda ni macho ya Gati tu. Alitafuta mwanamke mwenye kofia kwenye vumbi, hakumwona.

Chuoni, mama mmoja mwenye miwani aliipokea fomu, akaisoma, akaisoma tena. Alimtazama Marcelina, kisha akatazama nyuma yake, mlangoni, kama anayemtafuta mwanamume aliyechelewa.

"Hapa pameandikwa mume ameridhia. Huyu Gati yuko wapi?"

Gati akaitua ndoo, akamweka vizuri mtoto mgongoni, akasogea mbele ya meza.

"Niko hapa," akasema.