Masharubu Yanatangulia

Krr, krr. Katika chumba nilichokizimia taa, panya mweupe wa binti yangu alikuwa akikwaruza sanduku lake. Niliziba tochi kwa karatasi nyekundu ya biskuti, maana mwanga mwekundu panya hauoni vizuri, nikaanza kumrekodi kwa simu kutoka juu.

Kesho yake mwalimu wetu wa masomo ya jioni angechagua mwanafunzi mmoja wa kumsaidia maabarani, na alishatuonya: "Msiniletee ya kitabuni. Nileteeni mlichokiona wenyewe." Wiki nzima nilikuwa nimeikodolea macho pua ya yule panya bila kuambulia kitu.

Tulipoitazama video polepole, binti yangu akanivuta mkono. "Mama, masharubu yanageuka kabla ya kichwa."

Moyo ulinipiga paa. Kweli, panya akitaka kwenda kulia, masharubu ya kulia yanalala nyuma na ya kushoto yanasogea mbele, kichwa bado kimenyooka.

"Mnabahatisha tu, mama na mwana," mume wangu alitucheka. Akaichukua simu, akapeleka video mbele, mahali tulipokuwa hatujafika, akaisimamisha. "Haya mtaalamu, anaenda wapi?"

"Kushoto," binti yetu akajibu.

Akaiachia. Panya akageuka kushoto. Baba mtu alimjaribu mara saba, na zote saba binti yetu akapatia, huku mimi nikiandika kila jibu daftarini. Kesho siendi mikono mitupu. Mume wangu alikaa sakafuni kando yetu, kicheko kimemwisha.

Binti yetu akamsogezea simu. "Baba, sasa zamu yako."