Nyumba Inayopokea Wapya

Jumatatu saa nne asubuhi, fundi cherehani aliketi mbele ya kompyuta ya tatu katika maktaba ya umma. Ya kwanza ilikuwa mbovu, na ya pili ilikaliwa na mtu aliyekuwa akitazama picha za matrekta. Fundi alikuwa amemgeuza mama yake saa tatu na nusu. Mama alipooza upande mmoja mwaka uliopita, na daktari aliagiza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo ungetoka vidonda. Kwa hiyo fundi alibakiwa na saa moja na nusu, na humo nusu saa ilikuwa ya kurudi nyumbani.

Habari za Orodha ya Misaada ya Jamii, ambayo wilaya iliiweka mtandaoni, alizipata kwa kaka yake, aliyeishi mbali. Kaka alikuwa mzito wa kuja, lakini kwa ushauri hakuwa na mkono wa birika.

Fundi aliandika kwenye kisanduku cha kutafutia: Mama yangu hawezi kujigeuza na mimi nashona, nani anaweza kukaa naye hata siku mbili kwa wiki. Kompyuta ilijibu kwamba hakuna kilichopatikana.

Mkutubi, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa utepe, aliinama kando yake.

"Dada, hapo umeandika barua," alisema. "Hii haisomi barua. Andika neno moja."

"Neno gani?"

"Matunzo. Halafu hapa chini weka mtaa wako, isije ikakutafutia watu wa ng'ambo ya mto."

Yakaja majibu arobaini na moja. Mkutubi alimwonyesha visanduku vya kuchujia vilivyokuwa pembeni. Fundi alichagua wazee, yakabaki kumi na tisa. Alichagua umbali wa kutembea, yakabaki manane.

"Usishangilie bado," mkutubi alisema. "Bonyeza hapo palipoandikwa inapokea wapya."

Alibonyeza. Likabaki moja. Mtaa ulikuwa wake na namba ya nyumba ilikuwa yake. Saa za kazi: wakati wote. Wanaostahili: yeyote. Vyeti vinavyohitajika: hakuna.

"Hapa ni kwangu," fundi alisema.

Mkutubi alivaa miwani, akasoma. "Basi una bahati, ni karibu. Wengine huambiwa wapande mabasi mawili." Akamchapia karatasi.

Fundi alipofika nyumbani, alimkuta mlangoni dereva mstaafu akiwa na karatasi kama yake. Mzee huyo alikuwa akiishi ghorofa ya nne, na goti lake la kulia lilikuwa limekataa ngazi.

"Nimeelekezwa hapa, mama," alisema fundi alipofungua mlango na kuingia.

"Shikamoo, mzee. Wamekosea. Mimi nina vyumba viwili tu, cha mama yangu na cha cherehani."

"Vitatu," dereva alisema, akionyesha nyuma ya fundi.

Fundi aligeuka. Kwenye ujia, baada ya chumba cha cherehani, palikuwa na mlango wa kijani ambao rangi yake haijakauka. Ndani mlikuwa na kitanda, kigoda, na dirisha lililotazama ua asioujua. Fundi aliangalia saa. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano.

"Usiguse rangi," alimwambia dereva, akaenda kumgeuza mama.

Mwezi ulipoisha vyumba vilikuwa vimefika kumi na vitatu. Mtu alibisha hodi, akatoa karatasi, akakaa kwenye benchi, na kwa muda wa kuchemsha sufuria ya maji mlango wake ulikuwa tayari. Ujia ulirefuka. Kwa nje nyumba ilibaki vilevile, na ukuta wa jirani haukusogezwa hata shubiri moja. Jirani alilalamikia tu viatu vilivyojaa barazani.

Waliokuja hawakuwa wavivu. Mjane mwenye kifua kibovu alimenya viazi akiwa ameketi. Mwalimu aliyepoteza macho alimsimulia mama habari za kale. Dereva alifungua mlango, kwa kuwa kiti chake kilikuwa karibu nao. Lakini mama alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa, na kumgeuza kulitaka magoti, pumzi na macho, na hakuna kati yao aliyekuwa navyo vyote vitatu. Fundi alimgeuza mama, akamkanda dereva goti, akampeleka mwalimu bafuni, akamgeuza mama tena. Vitambaa vya wateja vilirundikana juu ya cherehani. Gauni moja la harusi lilikamilika baada ya ndoa kuvunjika.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mama alisema siku moja, mdomo ukiwa umeenda upande.

"Jembe atalishikaje, mama? Mwenye mikono hana macho."

"Basi mwanangu, hawa si wageni. Hawa ni kazi."

Fundi alirudi maktaba. Mkutubi alimwonyesha mahali pa kuripoti kosa, chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo. Fundi alikuwa ameshajifunza. Aliandika neno moja: Ondoeni. Siku ya tatu lilikuja jibu kumshukuru kwa maoni yake na kumjulisha kwamba huduma yake ya matunzo ingekaguliwa.

Mkaguzi alikuja Alhamisi na futi ya kupimia. Aliupima ujia, akapata mita thelathini na nne. Akatoka, akaipima nyumba kwa nje, akapata mita tisa. Akaandika zote mbili.

"Hazilingani hizo," fundi alisema.

"Hazilingani," mkaguzi alikubali. "Lakini fomu haiulizi kama zinalingana. Wahudumu mko wangapi?"

"Niko peke yangu. Tena mimi ndiye niliyekuja kwenu kuomba msaada."

Mkaguzi alimtazama kwa upole. "Watoa huduma wetu wazuri wengi walianza hivyohivyo, mama."

Aliandika kwamba ujia unahitaji taa, akaaga. Taa hazikuletwa. Wiki mbili baadaye wilaya ilifunga huduma ya muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, kwa maelezo kwamba mahitaji ya eneo hilo yameshatoshelezwa. Siku chache baada ya hapo muuguzi mwenyewe alibisha hodi, karatasi mkononi.

Kwa mara ya kwanza fundi alihisi kitu kinachofanana na furaha. Alimshika muuguzi mkono, akampeleka moja kwa moja kwa mama kabla hata chumba chake hakijatokea.

"Siwezi kumwinua," muuguzi alisema. "Mgongo wangu umekwisha. Miaka ishirini nimegeuza watu."

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda. Kisha muuguzi alimfundisha kutandika shuka lililokunjwa chini ya mama na kulivuta kwa uzito wa mwili wake badala ya mikono. Mama aligeuka kwa urahisi, kama ukurasa.

"Angalau wewe utachelewa kuharibika," muuguzi alisema.

Ilipita miezi minne. Asubuhi moja vidole vya fundi vilikataa kutunga uzi kwenye sindano. Alimgeuza mama, akaenda maktaba, akaketi mbele ya kompyuta iliyokuwa wazi. Hakuhitaji kuelekezwa. Aliandika pumziko, akaweka mtaa, akachagua walezi, akabonyeza inapokea wapya. Likaja jibu moja. Alilichapa mwenyewe.

Nyumbani hakusukuma mlango. Alibisha hodi. Dereva alifungua.

"Umeanza lini kupiga hodi kwako?"

Fundi alimpa karatasi. Dereva aliisoma mpaka mwisho, akasogea kando, akampisha aketi kwenye benchi. Mjane alitoka chumbani kwake, na muuguzi pia, na mwalimu aliuliza kuna nini akaelezwa. Wote walisimama kutazama mwisho wa ujia. Jikoni sufuria ilikuwa motoni. Maji yalichemka, yakafurika, mjane akaenda kuiepua. Ukuta ulibaki ukuta.

"Pengine rangi imewaishia," mwalimu alisema.

"Ngoja kidogo, mwanangu," dereva alisema.

Wakangoja. Fundi aliegemeza kichwa ukutani na kufumba macho, na kwa dakika chache hakuna aliyemwomba kitu.

Kisha mama aliita kutoka chumbani kwamba ubavu umekufa ganzi. Fundi alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kutandika shuka.