Kinu Kitupu

Msimu wa njaa, kabla mvua haijanyesha, wanawake wa kwetu hutwanga vinu vitupu. Ni aibu jirani asiposikia mchi nyumbani kwako mchana. Kila mmoja anajua mwenzake anatwanga hewa, na hakuna anayethubutu kusema. Kwa kujikaza kisabuni hatuna mpinzani.

Nami nilitwanga. Mahindi pekee niliyobaki nayo yalikuwa mbegu, ndani ya mtungi niliouziba kwa udongo, na heri nife kuliko kuzigusa. Tukizila, tutapanda nini, mawe?

Siku moja mchi ulitua kwenye kitu laini. Nikachungulia. Kinuni mlikuwa na unga mweupe, wenye uvuguvugu.

"Mwanangu, usiupike," mama mkwe aliniambia kutoka mkekani. "Unga hauji wenyewe. Huo una mwenyewe."

"Akija nitamkaribisha bakuli," nilimjibu. Watoto walikuwa wamenikodolea macho. Nikakoroga uji.

Walikunywa, wakashiba. Mama mkwe hakuonja hata tone. Kesho yake nikatwanga, unga ukaja tena, nami nikaacha kujiuliza.

Mawingu yalipoanza kutanda, jirani yangu alikuja mbio, amekumbatia kibuyu chake cha mbegu.

"Mwenzangu, nimekwisha! Nimefungua nipande, hebu tazama!"

Aliniwekea punje kiganjani. Zilikuwa nzima, hazina hata tundu la mdudu, lakini nyepesi mno. Nilipoibana moja, ikabonyea. Ndani hamkuwa na kitu.

"Pole, dada," nilimwambia. Nilijua wanangu walikuwa wamekula nini.

Alirudi kwake. Baadaye kidogo nikasikia mchi wake. Hata siku hiyo hakutaka watu wajue.

Nilikimbilia mtungi wangu, nikaupakata. Ulikuwa bado mzito. Mchi ukashuka upande wa pili wa ukuta, mtungi ukapungua uzito. Ukashuka tena, ukapungua tena.

"Acha kutwanga!" nilipiga kelele. "Dada, nakuomba, acha!"

"Unga, mwenzangu!" alijibu kwa furaha. "Unga unatoka! Sijui umetoka wapi!"

Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini watoto wake walikuwa wameanza kushangilia, wakigonga bakuli zao, na mimi nikanyamaza, nimekumbatia mtungi uliozidi kuwa mwepesi mapajani mwangu.