Jiwe Lililotoa Povu

Mama mkwe alipokuja kukaa kwa Mwalimu, mke wa mwanawe, baada ya kupasuliwa goti, wote wawili walikuwa wakioneana haya. Mwalimu alifundisha jiografia sekondari. Mama mkwe alikuwa amefua mashuka ya hospitali maisha yake yote, na hajui kukaa bure. Ukimwambia, "Pumzika, mama," anaitikia, "Haya, mwanangu," na kitambo kidogo unasikia maji yanamwagika bafuni.

Alasiri moja Mwalimu alirudi kutoka shuleni akakuta beseni juu ya meza ya jikoni. Ndani yake, kwenye siki, yalikuwa yamelowekwa mawe yake mawili ya kufundishia.

"Yalikuwa na vumbi," mama mkwe alisema huku akijifuta mikono. "Nikasema nikufurahishe. Hili jeusi limetakata. Hili jeupe silielewi, linachemka bila moto."

Mwalimu alitia mkono haraka. Jiwe jeusi, la volkano, halikuwa na neno. Jeupe lilikuwa la chokaa, na bado lilikuwa linatoa povu. Juu yake palikuwa na alama ya konokono wa kale, mistari yake ikizunguka vizuri kabisa. Marehemu baba yake ndiye aliyelitoa machimboni alikokuwa akifanya kazi, akampa alipofaulu ualimu. Sasa mistari ilikuwa imelika, konokono amebaki kama kivuli.

"Asante, mama," alisema. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Alipotoka, macho mekundu, nyumba ilikuwa kimya. Fimbo ya mama mkwe haikuwepo. Mwalimu alitoka mbio hadi kwa fundi viatu wa pale kona.

"Bibi kaelekea kwa muuza kokoto," fundi alimwambia. "Nilimuuliza anajenga nini, akanipungia fimbo tu."

Alimkuta ameketi juu ya mfuko mtupu wa saruji, mguu mbovu kaunyoosha, anachambua kokoto moja moja kama mtu anayechagua mchele. Muuzaji alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni.

"Mama, daktari alisemaje kuhusu hilo goti?"

"Alisema nitembeetembee. Si ndiyo hivi nimetembea." Hakuinua macho. "Natafuta lenye konokono. Huyu bwana anasema hamna."

"Nimemweleza mpaka basi," muuzaji alisema.

Mwalimu alikunja sketi yake akaketi chini, vumbini, kando ya mkwewe.

"Hamna kweli, mama. Hizi zote ni ndugu wa lile jeusi. Zilitoka chini ya ardhi zikiwa uji wa moto, zikapoa, zikaganda. Konokono angeishi wapi humo?"

"Angeiva."

"Angeungua kabisa. Lile jeupe ni tope na magamba ya viumbe wa baharini. Yalitua chini, tabaka juu ya tabaka, yakakandamizana mpaka yakawa jiwe. Chokaa yake ndiyo iliyoliwa na siki."

Mama mkwe aligeuza kokoto mkononi. "Basi moja lilipikwa, jingine likatandikwa kama mashuka."

"Hivyo hivyo. Kesho nitawaambia wanafunzi wangu hivyo."

"Nani alikupa lile jeupe?"

"Baba."

"Nilijua. Mtu hajifungii ndani kwa ajili ya jiwe tu." Akaiweka chini kokoto aliyoishika. "Nisamehe, mwanangu. Hebu nisimulie habari zake."

Tangu aolewe, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mwalimu akasimulia jinsi baba alivyokuwa akirudi kutoka kazini mweupe kama aliyeangukia unga, jinsi mbwa wa jirani alivyombwekea kila jioni kana kwamba hamjui, na yeye akisimama kumsalimia mbwa kwa heshima zote. Mama mkwe alicheka hadi akashika goti. Mwalimu naye alicheka, huku machozi yakimtoka, wala hakuyaficha.

Kusimama kukawa kazi. Muuzaji akaleta toroli, akatandika gunia. Mama mkwe alikataa, akatazama umbali wa njia, akapanda. Wakaondoka hivyo, muuzaji akisukuma, Mwalimu akitembea pembeni na fimbo mkononi.

"Hizo nguo za baba yako," mama mkwe aliuliza, "nani alikuwa akizifua?"

"Mimi. Nilikuwa naziloweka kwenye sabuni usiku kucha."

"Ulikosea. Vumbi la chokaa unalikung'uta kwanza, nguo ikiwa kavu," alisema mama mkwe, akaendelea kumweleza mpaka wakafika getini.