Maziwa Yaliyo Njiani

Katika chumba cha benki ya maziwa, friji zilinguruma kwa sauti moja, taratibu, kama watu wazima waliolala baada ya chakula cha mchana. Mvuke wa chupa zilizochemshwa ulipanda hadi darini ukarudi matone. Mama Mkubwa alikaa katikati ya weupe huo na kompyuta mapajani, akijifinya mkono asisinzie.

Cheo cha Mama Mkubwa alikipata juzi, mdogo wake alipojifungua kabla ya siku. Mtoto alikuwa ghorofa ya juu, ndani ya sanduku la kioo lenye joto, mwepesi kiasi kwamba nesi alimgeuza kwa vidole. Maziwa ya mama yake yalikuwa hayajatoka, na tumbo changa namna ile halikubali maziwa ya kopo. Alihitaji maziwa ya mama mwingine, yaliyopimwa, na aliyahitaji leo. Mtoto wa mdogo wako ni mwanao. Hapo hakuna mjadala.

Friji za hapa zilikuwa tupu. Maziwa yalikuwepo kwenye maghala ya hospitali nyingine, lakini hakuna ghala linalotoa chupa mpaka jibu lenye namba ya vipimo lipite kwenye mtandao, na mtandao ulikuwa umekwama. Programu iliyokaa katikati, ile ya kupeleka maswali ya benki kwa maghala na kurudisha majibu, ilikuwa programu huria: msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu, unatunzwa na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko. Mama Mkubwa alikuwa mmoja wao. Alikuwa akiitengeneza jikoni kwake, mwiko mkono mmoja. Yeye mwenyewe hakuwahi kuihitaji.

"Ukiizima na kuiwasha inaamka," alisema mhudumu wa benki, mama mmoja mnene ambaye hospitali nzima ilimwita Bibi Barafu. "Inabeba maswali mawili matatu, halafu kimya. Kama mume wangu mbele ya televisheni."

"Na mkiizima?"

"Maswali yaliyokuwa njiani yanasahauliwa. Tunaanza upya. Tangu asubuhi kazi ni kuanza upya."

"Basi usiiguse."

"Siigusi. Wewe ndiye fundi, mimi macho tu."

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, kutoka wodini.

"Dada, umefika wapi?"

"Pale pale. Umekula?"

"Usinibadilishie maneno."

"Kula. Nikipata nitakuambia mwenyewe."

"Haya."

Basi, kimya. Mama Mkubwa akabaki na simu sikioni. Bila shaka mdogo wake aliiweka godoroni bila kuikata, maana wodi ilianza kuingia sikioni polepole: mlio mdogo wa mashine, kandambili zikiburuzwa, mwanamke akimbembeleza mtoto kwa wimbo usio na maneno. Kope zikawa nzito. Akaona, au aliota, korido ndefu yenye milango mingi, na kila mlangoni mtu amesimama na simu sikioni, anatabasamu kwa adabu, anangoja. Nje yalinyesha manyunyu meupe yakigonga milango, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kufungua.

Kompyuta ikapiga kengele. Ni Kobe aliyeandika. Kobe alikuwa mwenzake katika kuitunza programu. Hawakuwahi kuonana, na jina hilo walimpa kwa sababu hakuwahi kuharakisha kitu, hata hasira.

"Nimekupigia weee, simu yako inatumika."

"Niko na mdogo wangu," Mama Mkubwa akaandika huku akipiga miayo. "Nangoja aseme kitu."

"Mara ya mwisho alisema nini?"

"Alisema haya."

"Sasa mtu akishasema haya, unangoja nini tena?"

Mama Mkubwa alilisoma swali lile mara mbili. Akakata simu. Usingizi wote ukamruka.

Ghala halijibu papo hapo. Likiulizwa husema tu "nimepokea", bahasha tupu, na likishapekua friji zake ndipo linapopiga lenyewe kuleta jibu. Akaufungua msimbo. Naam. Programu ilikuwa haiachii laini mpaka isome ujumbe wa upande wa pili hadi mwisho, na bahasha tupu haina cha kusoma. Kwa hiyo iliishika laini ikangoja. Swali jingine, laini nyingine. Zilipokwisha kushikwa zote, majibu yakaja yakakosa pa kupita.

"Nani aliandika hapa?" akauliza, ingawa jina lilikuwepo.

"Mimi," Kobe akajibu. "Nililelewa nisiwe wa kwanza kukata simu."

"Adabu yako imemlaza mtoto na njaa."

Kobe akaandika: "Rekebisha. Mimi nasoma."

Akaandika: ukisikia "nimepokea", achia laini. Mistari michache tu. Lakini sheria yao ilikuwa kwamba hakuna anayepitisha kazi yake mwenyewe, kwa hiyo akaituma. Kobe akasoma. Kobe akaendelea kusoma.

"Kobe! Mtoto ana njaa."

"Ndiyo maana narudia. Kuna ghala moja la zamani ambalo hujibu papo hapo, kwenye laini ile ile, pamoja na hiyo 'nimepokea'. Wewe umekata zote. Jibu lake ungelitupa jalalani."

Mama Mkubwa akasonya, kisha akaona ni kweli. Akapanga upya: tazama kwanza ndani ya bahasha. Tupu, achia. Si tupu, soma, ndipo uachie.

"Sasa naipitisha," Kobe akaandika.

Mama Mkubwa akaipakia kwenye mashine ya benki. Bibi Barafu aliizima programu, akaiwasha, akaingiza swali. Nimepokea. Nimepokea. Nimepokea. Laini ziliachiwa moja moja, kama vidole vya mtu anayelegea usingizini. Friji zikanguruma. Kisha majibu yakaanza kuingia. Hakuna. Hakuna. Bibi Barafu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Tunayo. Yamepimwa. Na namba chini yake.

"Mwambieni dereva," Bibi Barafu akapaza sauti koridoni, "akisimama kununua soda nitamgandisha!"

Jua lilikuwa limeegemea dirisha la wodi maziwa yalipofika. Nesi aliyashusha kwa mrija mwembamba kama uzi. Weupe uliteremka taratibu, taratibu, na mtoto hakufungua macho. Alichezesha mdomo tu, kama anayeonja kitu ndotoni.

"Yanaingia?" mdogo wake akanong'ona, viganja vyote viwili juu ya kioo.

"Huoni? Yanaingia."

"Ni ya nani haya maziwa, dada?"

"Ya mwanamke fulani. Hatutamjua."

"Nitamshukuruje sasa?"

"Kwa kula. Yako yatoke, na wewe umpe wa mwenzio."

Mdogo wake akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. Alipogeuka kumwambia kitu, Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kulala, mgongo ukutani, mdomo wazi.

"Muache," nesi akasema. "Mvue viatu tu."