Mumbere wa Kwenye Kibao

Karatasi ilifika Maliba Jumatatu asubuhi, mkononi mwa askari wa pikipiki ambaye hakukubali hata maji ya kunywa. Danieri aliisoma akiwa amesimama kati ya mibuni yake. Kisha akaisoma tena akiwa ameketi juu ya jiwe.

Karatasi ilisema kwamba katika mashine ya kukoboa kahawa iitwayo Mumbere na Baluku, huko Bwera, mkanda ulimnasa Bwana Célestin Paluku, mfanyabiashara wa Kasindi ng'ambo ya mpaka. Mkono wake wa kulia ulikatwa hospitalini, juu ya kiwiko. Wenye mashine waliitwa wafike kituo cha polisi cha Bwera Alhamisi saa nne, wazungumze na mwenye mkono kabla jambo halijapelekwa mahakamani. Wenye mashine, karatasi ilisema, ni wawili; haikutaja zaidi ya majina hayo na kijiji chao, Maliba.

"Wawili?" aliuliza Ithungu, mkewe, akiwa na kikapu kiunoni. "Benon na nani?"

Danieri aliikunja karatasi. Alikuwa akimfahamu vizuri huyo nani.

Kwa Wakonzo mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Mumbere, na wa pili huitwa Baluku. Danieri alikuwa Mumbere, na mdogo wake Benon alikuwa Baluku. Miaka minne nyuma, mwaka 2012, Benon alipopata mashine kuukuu na kupanga chumba Bwera, mchoraji wa vibao alimuuliza aandike jina gani. Benon hakuthubutu kuandika lake peke yake. Mdogo hatangulii mkubwa, si mlangoni, si kwenye sahani ya nyama, sembuse kwenye kibao. Akaandikisha Mumbere na Baluku, herufi nyekundu, kila moja kubwa kama kiganja. Danieri hakuwa ametoa hata msumari. Lakini siku alipokiona kile kibao alivimba kifua, akasimama chini yake, akapigwa picha.

Sasa ile heshima ilikuwa imemgeukia kama mbwa wa kufugwa aliyepata kichaa.

Alikuwa na eka mbili na nusu za kahawa, nyumba ya mabati, na makaburi ya wazazi wake juu ya mteremko. Hakuwa na kingine duniani. Siku nzima alijiuliza jambo moja: mkono wa mtu mzima unaweza kula shamba? Akajijibu hauwezi. Ujanani alikuwa mwanachama wa ushirika wa kahawa katika bonde la Mubuku. Ushirika ule ulikufa kifo kibaya, hisa zake zikafa nao, na hakuna mtu aliyekuja kubisha hodi kwake kudai zaidi. Basi alijua biashara hivyo: ikifa, inazikwa na kilichomo ndani yake. Hata hivyo chakula cha jioni kilimshinda.

Jumanne alishuka Kasese mjini, kwa wakili aitwaye Nabukenya, mwanamke wa makamo mwenye ofisi juu ya duka la magodoro. Danieri alimsimulia yote akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alimaliza kwa habari za ushirika, kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe kwamba hakukosea.

"Mzee, ule ulikuwa ushirika," alisema Nabukenya. "Ushirika uliosajiliwa husimama kwa miguu yake. Ukianguka, mwanachama anapoteza hisa zake, basi. Kampuni nayo iko hivyo. Sheria inaihesabu kuwa mtu."

"Mtu? Ana mama?"

Wakili alicheka. "Hana mama, hana kaburi, hafungwi jela. Lakini ana mali yake na madeni yake. Akidaiwa, anadaiwa yeye, si wewe uliyelala nyumbani. Mdogo wako alisajili kampuni?"

"Alisajili jina tu. Alikwenda peke yake, akaweka sahihi peke yake."

"Jina si kampuni. Jina ni shati. Ndani ya shati yuko mtu wa nyama, ama mmoja ama wengi. Akiwa mmoja, yote ni yake: faida ni yake, na msiba unamfuata mpaka kitandani. Wakiwa wawili, huo ni ubia. Na katika ubia, mzee wangu, kosa la mmoja linabisha kwa wote. Anayedai anaruhusiwa kuchagua mlango. Unafikiri atachagua wa nani? Wa Benon aliyepanga chumba, au wa mwenye shamba?"

Danieri aliigeuza kofia mikononi. "Lakini sikuweka sahihi ya ubia popote. Hata neno lenyewe nalisikia leo."

"Sheria haiulizi kama ulilijua neno. Inauliza mliishije. Krismasi, Benon alikuwa anakuletea kitu?"

"Mbuzi."

"Mbuzi wa zawadi, au mbuzi wa fungu lako?"

Danieri alikumbuka jinsi alivyotembea na yule mbuzi mbele ya kanisa, akiwaambia watu: hili ndilo fungu langu la mashine. Aliinamisha kichwa.

"Nisikilize," Nabukenya alisema, sasa bila kicheko. "Karatasi ya usajili ina sahihi moja, hilo linakusaidia. Lakini kama mtu alileta kahawa pale kwa kuliamini jina lako, nawe ulikubali litumike, huwezi kumwambia leo kwamba hukuwamo. Alhamisi watakuuliza swali moja tu: Mumbere wa kwenye kibao ni nani? Siwezi kukufundisha uongo. Nakuonyesha tu mahali shimo lilipo."

Alirudi Maliba akiwa amelibeba swali hilo kama chungu cha maji ya moto. Ithungu alipolisikia alitua jembe chini.

"Ndiyo hofu yote hii? Wako akina Mumbere wangapi hapa? Liite jina hilo sokoni uone vichwa vitakavyogeuka. Benon mwenyewe ana mtoto Mumbere na mtoto Baluku. Aseme kibao ni cha watoto wake. Kwani nani atamkatalia?"

Danieri alimtazama mkewe kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Watoto wale walikuwa na miaka tisa na saba. Mtoto wa miaka tisa hana shamba, hana ubia, hana kesi. Akampigia Benon simu. Benon akasema, "Kaka, mimi nitasema. Wewe usifungue mdomo." Usiku ule Danieri alikula.

Alhamisi walikuwa Bwera kabla ya saa nne, yeye na Ithungu. Benon aliwakuta mlangoni mwa kituo, amekonda, macho mekundu. Ndani, nyuma ya meza, aliketi Afande Okello, mtu wa kaskazini aliyekulia kambini mwa wanajeshi, mwenye Kiswahili cha amri. Na kwenye benchi la ukutani alikuwapo Célestin.

Danieri alikuwa amejiandaa kuona mtu mwenye hasira. Aliona mtu mwembamba wa makamo, shati lake limepigwa pasi, mkono mmoja wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa anahangaika kufungua chupa ya maji kwa meno. Hakuna aliyejua kama ni heshima kumsaidia au ni matusi.

Wangeweza kuzungumza wote kwa lugha moja, kwa maana watu wa Kasindi na wa Bwera ni mto tu umewatenga. Lakini Afande alipiga meza. "Hakuna Lhukonzo hapa! Kila kitu ipite kwa masikio yangu. Wewe, Benon. Mashine ni ya nani?"

"Yangu, afande."

"Yako na nani?"

"Peke yangu. Karatasi ya usajili hii hapa."

"Kibao inasema watu wawili. Mumbere ni nani?"

Danieri aliona sakafu ikiinuka.

"Ni mtoto wangu wa kwanza, afande. Na Baluku ni wa pili. Niliandika majina ya wanangu."

Afande, ambaye kwao watoto hawapewi majina kwa foleni, aliitikia kwa kichwa na kuanza kuandika. "Sawa. Mwenyewe ni mmoja. Benon, una mali gani?"

"Mashine, afande. Na godoro."

"Basi mashine iuzwe." Afande aliandika polepole, akitamka silabi. Danieri alianza kuvuta pumzi. Pumzi ilikuwa imefika nusu aliposikia kicheko kidogo, kikavu, kutoka kwenye benchi.

"Afande, ngoja," alisema Célestin. "Mimi pia niko Paluku, ni Baluku ileile. Kwetu na kwao iko jina moja. Mutoto ya mutu anaandikwa juu ya mulango mbele ya baba yake? Wapi? Ile siku ya kwanza nilifika na kahawa yangu, nilimuona huyu Benon, kijana, anacheka-cheka. Nilitaka kupita, niende kwa mashine ingine. Nikasoma kibao. Nikasema, aah, mukubwa yake iko nyuma yake. Mukubwa hawezi kuacha mashine ya mukanda mubovu. Nikaingia." Alimgeukia Danieri, si kwa ukali. "Papa, mimi sikukujua sura. Nilijua jina tu. Ni yako?"

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma kuelekea mpakani, likilia pi, pi, pi.

Danieri aliyaona makaburi. Aliiona mibuni ya chini, karibu na kijito, ile inayozaa mapema. Aliona mtu asiyemjua akipima eka zake kwa hatua. Ithungu alimkanyaga mguu, kisigino chote. Benon aliangalia ukuta. Ilitosha kukaa kimya tu; hakuhitaji hata kudanganya, uongo ulikuwa umeshasemwa na mwingine. Na hapo ndipo hofu ilipogeuka ikamshika upande mwingine: kwamba akinyamaza, tangu leo mtu yeyote akiita Mumbere, iwe kanisani, iwe msibani, hatajua ageuke au asigeuke.

"Afande," alisema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. "Futa hapo. Mumbere ni mimi."

"Kaka!" Benon alisema.

"Nyamaza, Baluku. Nilikiona kibao nikakipenda. Ule mkanda sikuwahi hata kuuliza kama ni mzima."

Afande aliiweka kalamu chini. "Mzee, unajua umesema nini? Una shamba?"

"Ninalo."

"Célestin, umesikia. Unataka nini?"

Célestin alisema hataki mahakama. Mahakama ina miaka, na yeye ana watoto watano. Mashine iuzwe apewe. Na kwa sababu mashine ni kuukuu na haitoshi, apewe pia shamba la mzee, hata kipande.

Danieri aliitikia kwa kichwa. Shingo ilikuwa nzito kama gunia. Ndipo Afande alipoinua kidole.

"Hapo bado. Shamba ya familia, ile mnakula kwayo, mzee hawezi kutoa peke yake. Mama lazima akubali. Hiyo ni sheria, si mimi. Mama anaitwa nani?"

Watu wote walimgeukia Ithungu. Na Danieri, aliyedhani ameshafika chini kabisa ya woga wake, alikuta pana ngazi nyingine. Mke angekataa tu, neno moja, na shamba lingebaki, na yeye angeondoka na ukweli wake mkononi bila kuulipia. Alitamani akatae. Aliona haya kwa kutamani. Hakuthubutu kumtazama usoni.

Ithungu alisimama. Hakumwangalia mumewe hata kidogo. Alimwendea Célestin, akaichukua ile chupa, akaifungua, akamrudishia.

"Mkeo anachuma kahawa?" alimuuliza.

"Anachuma, mama. Ni mukono yake tu imebaki nyumbani."

"Sikia. Udongo, hapana. Wakwe zangu wamelala mle, na mimi nitalala mle. Lakini mibuni ya chini, ya kijitoni, mavuno yake ni yako misimu kumi. Mkeo aje achume, nami nitachuma naye. Ya juu ni yetu."

"Misimu kumi na mbili," alisema Célestin.

"Kumi. Na mashine."

Célestin alikunywa maji. "Na mvua ikikataa?"

"Ikikataa, imekataa kwako na kwetu."

Célestin aliitikia. Afande Okello alivuta karatasi mpya, akaipiga mstari juu. "Niandike nini hapa? Hii ni deni? Ni zawadi? Mnachuma pamoja, mnapata pamoja, mnakosa pamoja. Kitu kama hiyo inaitwa ubia, ama?"

"Hapana!" Danieri alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. "Afande, nakuomba. Neno hilo hapana."

Benon alicheka, cheko la mtu anayekaribia kulia. Hata Célestin alitabasamu.

"Andika mavuno," alisema Ithungu. "Andika mavuno ya mibuni ya chini, misimu kumi, udongo haumo. Kisha unisomee. Halafu umsomee na huyu, neno kwa neno, maana amezoea kusoma majina tu."

Afande aliandika. Alisoma. Ithungu alimrudisha mara mbili, hapa aongeze neno "chini", pale aandike "kumi" kwa herufi na si kwa tarakimu. Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino na kukikandamiza kwa uzito wote wa bega lake. Célestin aliweka sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zake zikayumba kama za mtoto wa shule. Benon aliandika jina lake lote, la kuzaliwa na la ubatizo.

Zamu ya Danieri ilipofika, kalamu ilikwama juu ya karatasi. Afande alimwambia asubiri atulie.

"Nikisubiri," alisema Danieri, "sitaandika kabisa." Akaandika.